Gari la zamani lisamehewe, moshi wake usisamehewe

Mwaka 2025 wabunge wa jimbo la California, huko Marekani, walikaa kujadili jambo ambalo mtu wa Rusumo, Gatuna au Goma angeweza kulicheka. Je, magari ya kizazi kilichopita, yale yenye injini kubwa za silinda 8 yanayonguruma kama simba, yaendelee kupimwa moshi kila baada ya miaka miwili, au yaachwe yapumzike? Mswada wenyewe, uliopewa namba SB 712, uliletwa na Seneta Shannon Grove, ukaitwa kwa jina la Jay Leno, mchekeshaji wa televisheni ambaye pia ni mkusanyaji mashuhuri wa magari ya kale. Seneti iliupitisha. Ulipovuka kwenda upande wa pili wa bunge ulikwama katika kamati ya matumizi mwezi Agosti mwaka huohuo, na hapo ukafia.

Wapo watakaosema hiyo ni ngoma ya matajiri, sisi inatuhusu nini? Mimi nasema inatuhusu sana. Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo waliorejea kutoka Dallas, Phoenix na Sacramento, na wengine wanaojiandaa kurejea, wakiwa na gari walilolipenda na wanataka kuja nalo. Wamo pia wafanyabiashara wa mpakani ambao mkate wao wa kila siku unatokana na magari ya mtumba na spea zake. Swali lililowagawa Wamarekani ndilo linalobisha hodi kwetu: gari kuukuu lihukumiwe kwa umri wake, kwa vifaa vilivyofungwa ndani yake, au kwa moshi unaotoka nyuma yake?

Niseme msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda. Lihukumiwe kwa moshi wake. Umri peke yake ni kipimo cha uvivu, na msamaha usiokuwa na kipimo ni mlango wa udanganyifu.

Kwanza tuyafahamu hayo magari. Kuanzia mwaka 1964, Pontiac ilipoiuza GTO na Ford ikaitoa Mustang, viwanda vya Detroit viliingia katika mashindano ya nguvu. Zikafuata Dodge Charger, Chevrolet Camaro, Plymouth Road Runner na nyinginezo. Mwaka 1970 Chevrolet Chevelle iliweza kununuliwa na injini ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 450. Petroli ilikuwa rahisi, barabara zilikuwa pana, na vijana walikuwa na fedha mfukoni. Hakuna aliyeuliza kinachotoka kwenye bomba la nyuma.

Hakuna aliyeuliza, isipokuwa watu wa Los Angeles. Julai 1943 mji huo ulifunikwa na ukungu mchungu uliowawasha watu macho na koo, hata baadhi wakadhani Marekani imeshambuliwa kwa gesi, maana vita vya dunia vilikuwa vimepamba moto. Viwanda vililaumiwa, majalala yaliyokuwa yakichomwa yakalaumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha chanzo kikubwa: mvuke wa petroli isiyoungua vizuri na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari, vikipigwa na jua, huzaa ozoni na ule ukungu. Mji uliozungukwa na milima, wenye jua kali na magari tele, ulikuwa umejipikia sumu katika chungu chake wenyewe.

Nawaomba wasomaji wa Kigali, Bujumbura, Bukavu na Kampala wautafakari mfano huo. Miji yenye vilima na mabonde, jua la Ikweta, na magari yanayoongezeka kila mwaka. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

California ikatunga sheria. Magari ya mwaka 1966 yakawa ya kwanza kuwekewa kikomo cha moshi katika jimbo hilo. Mwaka 1967 ikaundwa bodi ya rasilimali za hewa, inayojulikana kwa kifupi kama CARB. Siku ya mwisho ya mwaka 1970 Rais Richard Nixon akatia saini Sheria ya Hewa Safi ya nchi nzima, iliyovitaka viwanda vipunguze sumu kuu za moshi kwa asilimia 90. Viwanda vililia kuwa haiwezekani. Ikawezekana, ingawa si kwa siku moja na si bila maumivu.

Vifaa vilivyotokana na sheria hizo ndivyo chanzo cha ugomvi hadi leo, kwa hiyo afadhali tuvijue kimojakimoja.

Cha kwanza ni valvu ndogo inayorudisha hewa chafu ya ndani ya injini ikaungue tena, badala ya kutolewa chini ya gari. Magari ya California yalianza kuwekewa mwaka 1961. Cha pili ni pampu ya hewa, inayozungushwa na mkanda wa injini, ambayo hupuliza hewa safi kwenye njia ya moshi ili mabaki ya petroli yamalizikie kuungua humo. Cha tatu ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako na hivyo kupunguza oksidi za nitrojeni. Cha nne ni kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi, ambao zamani ulikuwa ukipaa tu hewani hata gari likiwa limeegeshwa.

Cha tano ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho mafundi wetu wanakiita masega. Ni kigae chenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, kimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, kikawekwa ndani ya chuma kwenye bomba la moshi. Moshi ukipita hapo, sumu hugeuzwa kuwa mvuke wa maji, hewa ukaa na nitrojeni. Magari mengi ya Marekani yalianza kutoka kiwandani na masega mwaka 1975. Kwa kuwa risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli huyaua masega, vituo vya mafuta vya Marekani vililazimishwa kuuza petroli isiyo na risasi tangu mwaka 1974.

Hapo ndipo wapenzi wa magari yenye nguvu walipovaa nguo za msiba. Chevrolet Corvette ya mwaka 1975, gari la michezo lenye jina kubwa, ilitoka na injini ya kawaida yenye nguvu za farasi 165 tu. Ni kweli kwamba namna ya kupima nguvu ilibadilika mwaka 1972 na tarakimu zikashuka kwa karatasi, lakini hata ukilitoa hilo, nguvu zilipungua kweli. Mafundi wakaanza kung'oa vifaa. Pampu ikatupwa, masega yakakatwa, bomba tupu likaunganishwa. Gari likanguruma upya, na hewa ya jirani ikachafuka upya.

California haikukaa kimya. Mwaka 1984 ilianzisha ukaguzi wa moshi unaorudiwa kila baada ya miaka miwili. Gari la petroli la mwaka 1975 na kurudi nyuma halipimwi. Lakini la mwaka 1976 hadi 1999, katika maeneo yenye hewa mbaya, hupandishwa kwenye rola, likakimbizwa pale pale huku mashine ikinusa moshi wake. Kisha mkaguzi hufungua boneti na kuangalia kama kila kifaa cha kiwandani kipo. Kikikosekana kimoja, gari limefeli, hata kama moshi wake ni safi. Ukitaka kufunga spea isiyo ya kiwandani inayogusa moshi, kabureta kwa mfano, au mfumo wa kuingiza hewa, lazima iwe na namba ya idhini ya CARB inayothibitisha kuwa ilipimwa na haiongezi uchafu. Spea iliyoandikwa kuwa ni ya mashindano tu haina ruhusa barabarani. Serikali kuu nayo imewabana wauzaji: kung'oa au kuzima vifaa vya moshi ni kosa chini ya Sheria ya Hewa Safi, na kati ya mwaka 2020 na 2023 shirika la mazingira la EPA liliifanya biashara ya vifaa vya kuzima udhibiti wa moshi kuwa shabaha maalumu.

Sasa tuwasikilize wenye magari, maana hata mshitakiwa ana haki ya kusikilizwa. Wanasema hivi. Mtu ana Camaro ya mwaka 1978. Anaitunza kama mtoto. Anaitoa Jumapili mara mbili kwa mwezi. Pampu yake ya hewa imekufa, na kiwanda hakitengenezi tena pampu ya aina hiyo. Anahangaika kwenye makaburi ya magari kutafuta pampu ya miaka 40 iliyopita. Zaidi ya hapo, magari ya mwaka 2000 na kuendelea siku hizi hupimwa kwa kuchomeka waya kwenye kompyuta yake, kwa hiyo vituo vingi havioni faida ya kutunza ile mashine ya rola kwa ajili ya wateja wachache. Mwenye gari la kale anajikuta anatafuta kituo kama mtu anayetafuta maji jangwani. Mswada wa mwaka 2025 ulitaka magari ya miaka 35 na zaidi, yaliyokatiwa bima maalumu ya wakusanyaji, yaondolewe kabisa kwenye kipimo.

Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Sheria inayomdai mtu kifaa ambacho hakitengenezwi tena inamwadhibu mwaminifu na kumfundisha uongo. Wapo wanaofunga vifaa vya kuazima siku ya ukaguzi na kuving'oa jioni. Wapo wanaokwenda kuandikisha gari katika jimbo jirani lisilo na masharti. Sheria isiyotekelezeka haisafishi hewa, inachafua tabia tu.

Hata hivyo, dawa iliyopendekezwa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Shirika la EPA linasema gari jipya la leo ni safi kwa asilimia 99 hivi kwa sumu za kawaida likilinganishwa na gari la mwaka 1970. Maana yake, gari moja la kale lisilodhibitiwa linaweza kutoa uchafu wa kundi zima la magari mapya. Kusema yapo machache na yanatembea kidogo ni hoja nzuri leo, lakini haitabaki kuwa nzuri ikiwa mlango utaachwa wazi.

Na California inajua, kwa sababu iliwahi kuuacha wazi. Mwaka 1997 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kulisamehe kila gari linapofikisha miaka 30. Kila mwaka msamaha ulikuwa ukisogea mbele mwaka mmoja. Mwaka 2004 wabunge wakashtuka, wakatunga sheria nyingine iliyoufunga msamaha huo kwenye magari ya mwaka 1975, kuanzia Aprili 2005. Hebu piga hesabu mwenyewe. Kama ule msamaha wa miaka 30 ungeachwa utembee, leo ungekuwa umeshayafikia magari ya katikati ya miaka ya 1990. Hayo si magari ya Jumapili wala ya maonyesho. Hayo ni Corolla na Camry za kwenda kazini, zilizozaliwa na masega na kompyuta ndani yake, na ambazo zikiachwa bila ukaguzi huharibika na kutoa sumu kila siku asubuhi na jioni. Msamaha uliokusudiwa kwa makumbusho ungeishia kwenye mikweche.

Kuna njia ya kati, na cha ajabu California yenyewe inayo tayari. Gari la miaka 35 au zaidi lenye bima ya wakusanyaji linaweza kusamehewe ukaguzi wa vifaa, mradi moshi wake ufaulu kiwango cha mwaka wake, kifuniko cha tangi kiwe kizima na petroli isivuje. Yaani, bwana, hatukuulizi pampu yako iko wapi. Tuonyeshe tu kwamba hututilii sumu. Vilevile anayetaka kubadilisha injini anaruhusiwa, mradi injini mpya isiwe ya mwaka wa nyuma kuliko gari, ije na vifaa vyake vyote vya moshi, na ikaguliwe na mwamuzi maalumu wa serikali. Kampuni ya GM ilitambua soko hilo ikatoa seti iliyoitwa E-ROD: injini ya kisasa pamoja na masega yake na kompyuta yake, ikiwa na idhini ya CARB. Gari la babu linapata moyo wa mjukuu, likawa na nguvu kuliko zamani na usafi kuliko zamani.

Hapo inavunjika ile dhana kwamba usafi ni adui wa nguvu. Ilikuwa kweli mwaka 1975, fundi alipokuwa na kabureta na bisibisi tu. Leo Mustang ya silinda 8 inatoka kiwandani na masega, ikiwa na nguvu za farasi zaidi ya 400. Kilichokuwa kimepungua miaka ile ni ufundi wa kupima petroli na hewa kwa usahihi, nao umeshapatikana.

Tuvuke sasa turudi nyumbani.

Sisi hatuna Chevelle nyingi. Tuna Carina, Corolla, RAV4, Hiace na Prado zilizoteremkia Dar es Salaam au Mombasa zikapanda hadi Maziwa Makuu. Nyingi kati ya hizo zilitengenezwa Japani kwa sheria kali, zikiwa na masega mazima. Zinafika kwetu, na haupiti muda fundi analeta habari njema: haya masega yanabana gari, tuyakate, gari litakuwa jepesi, na kuna mtu anayanunua kwa fedha taslimu. Mwenye gari anafurahi. Anapokea fedha kidogo, anafungiwa bomba tupu, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na fundi anaizima kwa ujanja.

Huko Marekani mtu anatafuta pampu kuukuu ya gari la mwaka 1978 kwa machozi ili awe ndani ya sheria. Huku kwetu tunakikata kifaa cha thamani kuliko vyote, tunamuuzia mpitaji kwa bei ya kutupa, naye anakipeleka kwa wanaojua platinamu na rodiamu zina bei gani sokoni. Wizi wa masega ulipozidi huko, mwaka 2022 California ilitunga sheria za kubana nani anaruhusiwa kuyauza na kwa uthibitisho gani. Sisi hatuibiwi, tunatoa wenyewe na kusema ahsante.

Na hoja ya fundi mara nyingi si sahihi. Masega hayazibi yenyewe tu. Huziba kwa sababu injini inakula oili, plagi zimechoka, au petroli imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Kuyakata ni sawa na kumkata mgonjwa ulimi ili asilalamike. Ugonjwa unabaki ndani, na siku utakapolala na injini nzima, ile fedha kidogo haitanunua hata pistoni moja.

Tusisahau pia kwamba kanda yetu imeshafanya makubwa katika jambo hili. Afrika iliyo kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi Januari 2006, na Algeria ilipofunga pazia mwaka 2021 dunia nzima ikawa imeachana nayo kwenye vituo vya mafuta. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015. Yaani tumeshaleta petroli inayoyafaa masega, kisha tukayakata masega. Ni kama mtu aliyechimba kisima kwa jasho, maji yalipopatikana akatoboa ndoo.

Serikali zetu zimeshika zaidi fimbo ya umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikatazi, lakini inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Fimbo ya umri ni rahisi kuishika: afisa anasoma mwaka kwenye karatasi, basi. Lakini haioni ndani ya bomba. Gari la miaka 7 lililokatwa masega linapita bila swali, na gari la miaka 16 lililotunzwa vizuri na mwenyewe linakataliwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichunguza biashara hii katika taarifa yake ya mwaka 2020. Lilieleza kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Uchunguzi uliofanyika Uholanzi ulikuta mengi ya magari yaliyokuwa yakija huku hayana hata cheti halali cha ukaguzi. Anayeuza ana lawama yake, na anayenunua bila kutazama ana yake.

Ndiyo maana naunga mkono hatua za kupima moshi wenyewe. Rwanda ilianza mwaka 2025 kupima moshi wa magari kwa mitambo, na nchi jirani zinafaa kuifuata. Najua mfanyabiashara wa mpakani anasikia neno kipimo na kufikiria gharama nyingine, foleni nyingine, na mkono mwingine ulionyooshwa. Namwelewa. Lakini alinganishe na hali ilivyo. Trafiki akisimamisha gari na kusema kwa macho yake kwamba linatoa moshi, mjadala unaishia wapi? Sote tunajua unaishia kwenye chai. Mashine ina tarakimu, ina karatasi, ina tarehe. Mwenye karatasi iliyofaulu ana cha kuonyesha kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Kwa mfanyabiashara mnyofu, tarakimu ni ngao.

Ila serikali nazo zisirudie kosa la kudai kisichopatikana. Zikitaka masega yawepo, basi masega mapya yenye ubora yaingie kwa ushuru mdogo, si kama vipuri vya anasa. Zitoe muda wa kujiandaa. Zipime kila gari kwa kiwango cha mwaka wake wa kutengenezwa, kama California inavyofanya, si kumdai mzee apige mbio na kijana. Zipambane na wachakachuaji wa mafuta kabla ya kumfuata mwenye teksi. Na kwa kuwa mnyonge ndiye mwenye mkweche, uwepo msaada. California ina mpango wa kuwachangia wenye kipato kidogo kwenye matengenezo ya moshi au kununua gari bovu likavunjwe. Hatuna hazina ya California, lakini hata kuruhusu kulipa faini kwa kurekebisha gari badala ya kulipa mfukoni ingekuwa mwanzo mzuri.

Magari ya kale ya kweli nayo yapewe nafasi yake. Na sisi tunayo. Peugeot 504 iliyosomesha watoto wa familia nzima ni historia, sawa na Land Rover iliyobeba wagonjwa na Volkswagen iliyobeba maharusi. Nairobi huwa na maonyesho ya magari yaliyotunzwa, na tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya kale katika Afrika Mashariki. Yawepo madaftari maalumu ya magari hayo, yatembee kwa idadi ndogo ya siku, na moshi wake uwe ndani ya kiwango cha enzi yake. Msamaha wa vifaa, sawa. Msamaha wa moshi, hapana.

Neno kwa ndugu mnaorejea kutoka Marekani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mkazi anayerejea kuingiza gari alilolimiliki na kulitumia nje kwa miezi isiyopungua 12, kwa masharti yake. Lakini msamaha wa ushuru haufuti masharti mengine, kama vile ukomo wa miaka Kenya. Gari la Marekani lina usukani kushoto: Rwanda, Burundi na Kongo litakaa sawa barabarani, Kenya, Uganda na Tanzania ni habari nyingine. Kabla ya kununua, fungua boneti utafute kibandiko cha moshi kinachotaja mwaka, injini na vifaa vyote vilivyofungwa kiwandani. Kibandiko hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari. Ukinunua California, dai cheti cha moshi. Kwa gari linalopaswa kupimwa, ni wajibu wa muuzaji kukupa. Ukinunua Texas, kumbuka kwamba gari la miaka 25 na zaidi halipimwi moshi huko hata katika kaunti za miji mikubwa, kwa hiyo kukosekana kwa tatizo kwenye karatasi si ushahidi kuwa gari ni zima.

Neno kwa mfanyabiashara wa mpakani. Usinunue gari bila kuinama. Tazama chini: ukiona bomba limeungwa kwa weldingi mpya mahali pa masega, au ukigonga ukasikia mlio wa kopo tupu, jua umeuziwa nusu gari, na upunguze bei au uondoke. Washa ufunguo uone kama taa ya injini inawaka kisha kuzimika baada ya gari kuanza; isiyowaka kabisa imefichwa. Liwashe likiwa la baridi uone rangi ya moshi: wa bluu unasema oili, mweusi unasema petroli nyingi. Andika kwenye hati ya mauziano kwamba masega yapo. Vipimo vitakapoenea katika nchi zetu, na vinaenea, gari lenye masega litakuwa na bei na lisilonayo litabaki uwanjani. Anayeanza kuzingatia leo atakuwa na mtaji kesho.

Wabunge wa California waliukataa mswada wa mwaka 2025, nami naona walifanya sawa, ingawa walibaki na deni kwa wenye magari waaminifu wanaokosa spea na vituo vya kupimia. Deni hilo lilipwe kwa kuwarahisishia kupima, si kwa kuacha kupima. Kwetu deni ni tofauti. Watoto wanaotembea kwa miguu kwenda shule kando ya barabara ya kwenda mpakani hawajui gari lina umri gani wala lilitoka kiwanda gani. Wanachojua ni kile wanachovuta likipita. Hao ndio tuwafikirie kwanza, kabla fundi hajanyanyua msumeno.